Fomu ya pamoja au fomu ya chuo chenyewe: mwongozo kwa wanaoomba vyuo kutoka Mwanza

Ukimaliza kidato cha sita Mwanza, Sengerema au Nansio, unakutana na njia mbili za kuomba chuo. Ipo fomu ya pamoja, unayoijaza mara moja ikaenda vyuo vingi. Na ipo fomu ya chuo chenyewe, unayoijaza upya kila unapohamia chuo kingine. Nimekaa na vijana wengi wakijaza zote mbili, na shida ninayoiona mara kwa mara ni kwamba wanaanza na fomu. Jirani kajaza Common App, ile fomu ya pamoja ya vyuo vya Marekani, basi na yeye anafungua Common App. Kasikia TCU, basi anakaa nyumbani akisubiri TCU impangie. Hiyo ni sawa na kukata tiketi ya kivuko pale Kamanga kabla hujajua kama safari yako ni ya Sengerema au ya Ukerewe. Anza na kozi na chuo. Ukishavijua hivyo viwili, fomu karibu kila mara inajichagua yenyewe, na pale inapobaki hiari yako utajua upime nini.

Hatua ya 1: Andika orodha kabla ya kufungua tovuti yoyote

Chukua kaunta buku, chora safu: kozi, chuo, njia ya kuomba, siku ya mwisho, ada ya maombi, nyaraka zinazotakiwa, na nani atakulipia masomo. Safu ya mwisho wengi huiacha wazi, na ndiyo inayoamua mambo. Chuo ambacho huwezi kukilipia, na hakitoi msaada kwa mtu kama wewe, hakina sababu ya kula ada yako ya maombi.

Usiandike vyuo ishirini. Kwa vyuo vya hapa nchini, vitatu mpaka vitano vilivyofikiriwa vizuri vinatosha.

Hatua ya 2: Jua kila mlango unafunguliwa na nani

Hapa nyumbani mambo yako hivi. Kuanzia 2010 maombi ya shahada yalipitia mfumo mmoja wa Tume ya Vyuo Vikuu, TCU: ulijaza mara moja, ukapanga vyuo na kozi, mfumo ukakupangia. Tangu 2017 utaratibu ni mwingine. Mwombaji wa shahada anapeleka maombi chuoni moja kwa moja, kila chuo na mfumo wake, akaunti yake na ada yake. TCU imebaki na kazi ya kutangaza madirisha ya maombi, kuweka sifa za chini na kuhakiki waliochaguliwa. Kwa hiyo ukitaka SAUT pale Malimbe, CUHAS pale Bugando na UDOM kule Dodoma, hizo ni fomu tatu. Kaka au shangazi aliyesoma enzi za mfumo mmoja atakwambia kingine kwa nia njema kabisa. Msikilize kwa heshima, kisha fuata utaratibu wa sasa.

Kwa stashahada na astashahada za afya upande wa Bara ni kinyume chake. Uuguzi, utabibu, maabara, famasi: maombi yanapita kwenye mfumo wa pamoja wa NACTVET, baraza linalosimamia elimu ya ufundi, na humo ndani unachagua vyuo. Stashahada zisizo za afya, mathalani uvuvi pale FETA Nyegezi, unaomba chuoni kwenyewe.

Mkopo wa HESLB, yaani Bodi ya Mikopo, ni fomu nyingine kabisa, na hiyo ni moja tu bila kujali umeomba vyuo vingapi. Dirisha lake hukimbia sambamba na madirisha ya vyuo, kwa hiyo usisubiri kuchaguliwa ndipo uombe. Namba ya mtihani ya kidato cha nne utakayoandika kwenye maombi ya chuo iwe ileile utakayoandika HESLB. Waliorudia mtihani wana namba mbili, na hapo ndipo majina hupotelea.

Kama ulisoma Uganda au Kenya, jambo la kawaida kwa familia za Bukoba, Tarime na hata Mwanza mjini, vyeti vyako vinahitaji ulinganifu kutoka NECTA kabla ya kuomba. Mwenye stashahada anayetaka kuendelea na shahada ahakikishe ana namba ya uhakiki wa tuzo, AVN, kutoka NACTVET. Haya yafanye mapema, dirisha likiwa bado halijafunguliwa.

Hatua ya 3: Kwa vyuo vya hapa nchini, tumia ada zako kwa akili

Kwa kuwa kila fomu ya shahada ina ada isiyorudishwa, swali si "niombe wapi kote?" bali "wapi nina nafasi ya kweli?" TCU hutoa kila mwaka kitabu cha mwongozo wa udahili, kimoja kwa waliomaliza kidato cha sita na kingine kwa wenye stashahada. Kinapatikana bure kwenye tovuti yao. Humo kila kozi ina sifa zake za kuingilia na idadi ya nafasi. Soma hizo nafasi, usiishie kwenye sifa.

Chukua udaktari wa binadamu. Sifa ya chini ni prinsipo tatu za Fizikia, Kemia na Biolojia zenye jumla ya pointi 6, maana yake D tatu, kwa kuwa A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Kijana mwenye D tatu anasoma pale kwamba anastahili, anaombea udaktari CUHAS, MUHAS na UDOM, analipa kote, na hachaguliwi popote. Hakudanganywa. Sifa ya chini inakuruhusu kuingia kwenye foleni tu, na foleni ya udaktari imejaa wenye A na B. Mimi ningemshauri aombee udaktari chuo kimoja, na kwenye vyuo vingine aweke kozi za afya ambazo kweli yuko tayari kuzisoma. Fomu za vyuo hukupa nafasi ya kupanga kozi kadhaa kwa kufuata upendeleo. Zitumie zote, na usiweke kozi ambayo ukipangiwa utalia.

Sasa suala la steshenari. Wengi hujazia kwenye steshenari kwa sababu ya kompyuta na skana, na si vibaya. Wahudumu wengi wanaujua mfumo kuliko mwalimu wako. Lakini sikiliza mazungumzo yanavyokwenda:

"Dada, naomba unijazie ya chuo."
"Una imeili?"
"Sina."
"Basi niweke ya kwangu tukamalize, kuna foleni."

Usikubali hata kama foleni imefika barabarani. Imeili hiyo ndiyo itakayopokea kila taarifa, na neno la siri likipotea ndiyo itakayolirudisha. Fungua imeili yako siku moja kabla, iwe na jina lako la kawaida, na uandike neno la siri kwenye ile kaunta buku. Mwambie dada kwa upole, "Naomba tuweke yangu, hii hapa." Atakuelewa.

Namba ya simu nayo ni hivyohivyo. Ukichaguliwa na zaidi ya chuo kimoja, jina lako hutokea kwenye orodha ya waliopata udahili zaidi ya mmoja, na unatakiwa kuthibitisha chuo kimoja kwa namba maalumu inayotumwa kwenye simu au imeili uliyoandika wakati wa kuomba. Muda wa kuthibitisha una mwisho. Na miezi hiyohiyo vijana wengi wako JKT kwa mujibu wa sheria, kwenye kambi ambako simu si kitu cha kutegemea. Kwa hiyo andika laini itakayobaki nyumbani ikiwa imewashwa, ya mama au ya kaka anayejua kusoma ujumbe na kuchukua hatua. Kabla hujapanda basi la kwenda kambini, kaa naye mkubaliane kwa maneno yanayoeleweka: "Mama, nikichaguliwa viwili, thibitisha Bugando kwanza. Bugando isipokuwepo, thibitisha Dodoma." Muonyeshe ukurasa wa kuthibitisha ulivyo. Mwachie neno la siri. Kijana aliyefaulu vizuri anaweza kukosa nafasi kwa ajili ya ujumbe mmoja uliokaa kwenye simu iliyozimwa kabatini.

Hatua ya 4: Kwa wanaotazama nje, pima kalenda na fedha kwanza

Mitihani ya kidato cha sita huwa Mei na matokeo hutoka Julai. Vyuo vya Marekani vinaanza masomo Agosti au Septemba, lakini maombi yake mengi hufungwa kati ya Novemba na Januari iliyotangulia. Kwa hiyo ama unaomba ukiwa bado kidato cha sita, ukitumia matokeo ya kidato cha nne, ripoti za shule na makadirio ya walimu; ama unamaliza, unapata matokeo, unaomba kuanzia Agosti na kuanza chuo mwaka unaofuata. Njia ya pili ni ya utulivu zaidi. Ila ukijiandikisha chuo cha hapa nchini wakati unasubiri, vyuo vingi vya Marekani vitakuhesabu kuwa mwanafunzi wa kuhamia, na msaada wa fedha kwa wanaohamia kutoka nje ni mwembamba sana. Amua hili kabla ya kuthibitisha chuo.

Kuhusu fedha: vipo vyuo vichache ambavyo havitazami uwezo wa mzazi vinapoamua nani aingie, hata kwa mgeni, na huahidi kuziba pengo lote la gharama. Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst ni miongoni mwao. Kuingia humo ni vigumu mno. Vingine hutoa msaada mkubwa lakini huangalia uwezo wako wakati wa kuchagua. Vilivyobaki, ambavyo ndivyo vingi, vinatarajia mgeni alipe. Angalia pia hali ya viza kwa Watanzania kabla hujalipa ada yoyote, maana masharti hubadilika. EducationUSA, mtandao wa ushauri ulio chini ya serikali ya Marekani, hutoa maelezo haya bure. Usimlipe wakala kwa habari zisizouzwa.

Hatua ya 5: Fomu ya pamoja ya Marekani, ndani yake kuna nini

Common App ilianza 1975 kwa vyuo 15 na leo inapokelewa na vyuo zaidi ya 1,000. Kufungua akaunti ni bure, na mwaka mpya wa maombi huanza Agosti 1. Unaweza kuweka mpaka vyuo 20. Taarifa zako, za wazazi, za shule na masomo unajaza mara moja. Insha kuu ni moja, kati ya maneno 250 na 650, na inakwenda vyuo vyote vinavyoihitaji.

Hapo ndipo watu wanapojidanganya kwamba fomu moja ni kazi moja. Vyuo vingi, hasa vile vyenye ushindani, vina maswali yake ya nyongeza ndani ya akaunti hiyohiyo: kwa nini chuo chetu, kwa nini kozi hii, tueleze jamii yako. Vyuo kumi vinaweza kukudai insha fupi ishirini juu ya ile kuu. Kwa hiyo kabla ya kuongeza chuo kwenye orodha, fungua maswali yake ya nyongeza na uyaandike kwenye daftari. Chuo ambacho huna la kukiambia, kiondoe.

Insha kuu usitaje chuo chochote ndani yake, kwa kuwa itasomwa kote. Na kosa kwenye fomu ya pamoja husafiri mbali: ukikosea tarehe ya kuzaliwa, umekosea kwa wote uliowatumia. Mwombe mtu mwenye macho makini aisome yote kabla hujaituma kwa chuo cha kwanza.

Sehemu ninayotaka uikalie zaidi ni ya shughuli. Unapewa nafasi kumi, na maelezo ya kila shughuli hayazidi herufi 150, nafasi kati ya maneno zikihesabiwa. Vijana wetu huandika kiranja na kwaya, kisha wanaacha pengo, eti hawakuwa na shughuli nyingine. Ukiwauliza likizo walikuwa wapi, wanakwambia walikuwa Mwaloni Kirumba na mama. Hiyo ni shughuli. Kazi ya kulipwa na majukumu ya nyumbani vina nafasi yake rasmi kwenye fomu hiyo. Andika hivi, kwa Kiingereza chako lakini kwa uwazi huuhuu: "Namsaidia mama kuuza dagaa Mwaloni: napima magunia, naandika wadaiwa, napanga mizigo ya Kongo. Jumamosi na likizo zote." Sentensi hizo zinaingia kwenye herufi 150, na zinamweleza msomaji wa udahili mengi kuliko "nilikuwa mwanachama wa klabu ya mdahalo". Kulea wadogo zako, kuchota maji ziwani kila asubuhi kabla ya shule, kuendesha kibanda cha M-Pesa: vyote viandike, pamoja na saa kwa wiki bila kuzidisha.

Ada inalipwa kwa kila chuo, mara nyingi makumi ya dola. Vipo visivyotoza, kama Grinnell na Carleton, na vingi vinakubali ombi la kusamehewa ada ukieleza hali yenu. Omba. Si aibu.

Hatua ya 6: Vyuo vyenye fomu zao wenyewe

MIT haipokei Common App. Ina fomu yake, yenye insha fupi kadhaa badala ya moja ndefu, na inadai SAT au ACT, mitihani ya kuombea vyuo vya Marekani. Ukiitaka MIT, tenga muda wake pekee. Insha yako ya Common App haitahamia kule ilivyo.

Chuo Kikuu cha California nacho kina fomu yake, ambayo ni ya pamoja kwa kampasi zake tisa za shahada ya kwanza. Unajibu maswali manne kati ya manane, kila jibu lisizidi maneno 350. Hakiombi barua za walimu wakati wa kuomba, jambo linaloonekana rahisi kwa mtu aliyesoma shule ya visiwani yenye mtandao wa kubahatisha. Lakini ada kwa mwombaji wa kutoka nje ni dola 95 kwa kila kampasi, msamaha wa ada haumhusu mgeni, na msaada wa fedha kwa mgeni ni mdogo mno. Kwa familia ya kawaida ya Igoma au Buhongwa, nasema bila kusita: acha, hata kama fomu yenyewe ni nyepesi.

Uingereza karibu wote hupitia UCAS, mfumo wao wa pamoja wa maombi. Chaguo ni tano, na kwa udaktari zisizidi nne. Huwezi kuomba Oxford na Cambridge mwaka mmoja. Mwisho kwa vyuo hivyo viwili na kwa udaktari ni Oktoba 15, wengine ni Januari. Maelezo binafsi ni yaleyale kwa chaguo zote, na kwa wanaoanza masomo kuanzia 2026 yamegawanywa kwenye maswali matatu yenye jumla ya herufi 4,000. Maana yake fomu hii inamtaka mtu aliyeshajua kozi. Ukichanganya uhandisi, sheria na uchumi, maelezo yako hayatamridhisha yeyote.

Hatua ya 7: Chuo kikipokea fomu zaidi ya moja

Hapa tu ndipo uchaguzi ni wako kwa kweli. Vyuo vingine vya Marekani vinapokea Common App na pia fomu ya Coalition, ambayo nayo ni ya pamoja, au ya kwao. Kwa kawaida huandika wazi kwenye ukurasa wa udahili kwamba havipendelei yoyote, na hakuna sababu ya kutowaamini. Kwa hiyo pima mambo matatu: ipi ina maandishi machache ya kuongeza juu ya uliyokwisha kuandika, ipi ada yake ni ndogo, na ipi walimu wako wataweza kuitumia. Kama vyuo vingine vinne kwenye orodha yako vinataka Common App, baki humo. Kama unaomba chuo kimoja tu na fomu yake ni fupi na bure, jaza ya kwao. Usitume zote mbili kwa chuo kimoja. Utawachanganya wao na wewe.

Hatua ya 8: Walimu na majina

Common App humtumia mwalimu kiungo kwa imeili, naye hupakia barua mwenyewe. Ikishapakiwa inaweza kwenda vyuo vyako vyote. Kwa fomu za vyuo vyenyewe, kila chuo humwandikia mwalimu upya. Mwalimu wa Kemia mwenye madarasa manne yenye wanafunzi wengi hawezi kujaza fomu sita tofauti kwa ajili yako, na hilo pekee ni sababu nzuri ya kupendelea fomu ya pamoja. Mwendee mapema, kabla shule hazijafungwa. "Shikamoo mwalimu. Naomba barua ya kunitambulisha chuo; nimekuandikia hapa masomo, matokeo na kazi nilizofanya. Mwisho ni tarehe fulani." Mpe karatasi hiyo mkononi. Kama hana imeili ya uhakika, msaidie kufungua, lakini neno la siri abaki nalo mwenyewe, na barua usiiandike wewe. Mwalimu wa taaluma au mkuu wa shule ndiye anayejaza sehemu ya mshauri. Muonyeshe mapema inavyoonekana, kwa sababu shule nyingi za kwetu hazijawahi kuijaza.

Majina ndiyo yanayokwamisha watu wengi kuliko alama. Cheti cha kuzaliwa kinasema hivi, cheti cha NECTA kinasema vile, pasipoti ina jina la babu ambalo halipo kwingine. Kwa vyuo vya hapa, jaza kama cheti cha NECTA kilivyo, herufi kwa herufi. Kwa nje, jaza kama pasipoti, na majina yakipishana shughulikia kiapo cha majina kwa wakili mapema ili uambatishe nakala yake.

Hatua ya 9: Kutuma na kufuatilia

Tuma siku kadhaa kabla ya mwisho. Siku ya mwisho mifumo huelemewa, kontroli namba huchelewa kutoka, na umeme ukikatika hakuna wa kumlalamikia. Saa za mwisho za vyuo vya nje mara nyingi huhesabiwa kwa saa za kwao au za mwombaji, soma, usikisie. Ukishatuma, hifadhi nakala ya fomu nzima kwenye imeili yako na uchapishe moja, pamoja na risiti ya malipo.

Kisha ingia kwenye kila akaunti mara moja kwa wiki. Vyuo vingi vya Marekani, baada ya kupokea fomu ya pamoja, hukufungulia akaunti yao wenyewe inayoonyesha nini hakijafika: ripoti ya shule, alama za mtihani wa Kiingereza, fomu ya fedha ya CSS Profile. Hiyo ya fedha ina tarehe yake mwenyewe na ada yake. Baadhi ya vyuo hukubali fomu mbadala ya bure kwa wageni, hivyo waandikie ofisi ya misaada uwaulize kabla ya kulipa. Vyuo vya hapa nchini hutoa majina kwa awamu. Usipojiona kwenye awamu ya kwanza, dirisha la pili likifunguliwa angalia ni kozi zipi bado zina nafasi, na uombe hizo siku ileile.